Ziara ya Siku Moja Hadi Ziwa Ellis: Mambo Ambayo Mkazi Anafaa Kujua Kabla ya Kupanda Mlima Kenya

Wakazi wengi wa Tharaka Nithi hunywa maji ya Mto Nithi, huyatumia shambani na huyavuka kila wanaposafiri kati ya Chuka na Chogoria. Ni wachache waliowahi kuona yanakotoka. Mto huo huanzia juu ya Mlima Kenya, katika bonde lenye kuta ndefu za mawe linaloitwa Gorges, ambako Ziwa Michaelson limetulia katika kimo cha karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Chini yake, katika nyanda za nyasi na vichaka, kuna Ziwa Ellis, ambalo mtu mwenye afya nzuri anaweza kulifikia na kurudi kwa siku moja.

Miaka ya hivi karibuni, familia, vyama vya akina mama, vikundi vya vijana na wafanyakazi wa ofisi wameanza kupanga ziara hizi wao wenyewe. Wanakodi gari, wanatafuta mwongozaji na kupanda kama kundi lao binafsi badala ya kujiunga na msafara wa watu wasiowajua. Ni jambo jema. Mlima huu ambao wazee wetu waliuita Kirimaara haufai kuwa wa wageni kutoka ng'ambo pekee. Hata hivyo, mlima hautofautishi mwenyeji na mgeni. Baridi, ukungu na upungufu wa hewa humpata yeyote aliyepanda bila kujiandaa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga ziara hiyo, gharama zinazohusika, sheria zilizopo na jinsi ya kurudi nyumbani salama.

Maziwa yenyewe yakoje?

Mlima Kenya ulikuwa volkano, na uliacha kulipuka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Baadaye barafu nzito ilifunika sehemu zake za juu. Barafu hiyo iliposonga polepole kuelekea chini, ilichimba mabonde na mashimo, na ilipoyeyuka maji yakabaki humo. Ziwa Michaelson na bonde la Gorges ni kazi ya barafu hiyo. Leo imebaki kidogo sana. Barafu ya Lewis, ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imepungua kiasi kwamba aliyeiona miaka arobaini iliyopita hawezi kuitambua.

Kwa ziara ya siku moja kutoka lango la Chogoria, Ziwa Ellis ndilo linalofaa zaidi. Lango liko katika kimo cha karibu mita 3,000 na ziwa liko karibu mita 3,500. Mwendo wa kawaida wa kupanda huchukua saa tatu hadi nne, na kushuka saa mbili hadi tatu. Njia huanza penye mianzi na miti ya kale iliyojaa kuvu na ndevu za mti, kisha hufunguka kwenye vichaka vya mlimani na nyasi ndefu. Asubuhi isiyo na mawingu, vilele vya Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985) huonekana wazi.

Ziwa Michaelson ni shughuli nyingine. Wengi hulitazama kutoka juu ya mwamba unaoitwa Temple, ambao umesimama wima mamia ya mita juu ya maji. Kufika huko na kurudi langoni ni mwendo mrefu katika kimo kikubwa, na unafaa upangwe kwa siku mbili au zaidi. Mtu akikuahidi kwamba atapeleka kundi la wanaoanza, wakiwemo watoto, hadi Michaelson na kuwarudisha Chogoria siku hiyo hiyo, mtafute mwingine.

Upande wa Meru kuna Ziwa Alice na Ziwa Rutundu. Rutundu ilijulikana duniani kote baada ya Mwanamfalme William wa Uingereza kumposa Kate Middleton huko mwaka 2010. Maziwa hayo hufikiwa kwa njia nyingine, wala hayamo katika ziara tunayoieleza hapa.

Nani anasimamia nini?

Ofisi za kaunti hupokea maswali mengi kuhusu ada za lango na hali ya njia mlimani. Ni vyema mkazi ajue aulize wapi.

Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, iliyotangazwa mwaka 1949, inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ada za kuingia, kufunguliwa kwa lango na sheria za ndani ya mbuga ni jukumu la shirika hilo. Msitu unaoizunguka mbuga unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Serikali ya kaunti, kulingana na Jedwali la Nne la Katiba, inashughulikia utalii wa humu kaunti pamoja na barabara za kaunti. Mwaka 1997 mbuga na msitu wake ziliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia, kwa hivyo masharti ya kutunza mazingira huko ni makali kuliko unavyoweza kuyazoea kwingine.

Waongozaji pia wana sheria yao. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inawataka wanaotoa huduma za kuongoza watalii wawe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA). Magari ya kubeba abiria kwa malipo nayo yanahitaji leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) pamoja na bima inayowafaa abiria wa kulipa. Gari la jirani uliyempa hela ya mafuta "atusaidie tu" huenda lisiwe na bima hiyo. Ajali ikitokea, ndipo mtakapojua tofauti.

Kumchagua mwongozaji

Mwongozaji si mtu wa kuonyesha njia tu. Yeye ndiye anayesoma mawingu, anayetambua kwamba Mama Fulani ameanza kuyumba, anayejua tembo hupitia wapi, na mwenye haki ya kusema "tunarudi" bila kubishana na mtu. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, muulize maswali haya:

1. Una leseni na kadi ya kukutambulisha langoni? Naomba kuziona.
2. Umepanda njia hii mara ya mwisho lini, na ilikuwa katika hali gani?
3. Umefunzwa huduma ya kwanza? Umebeba nini kwenye kisanduku chako?
4. Mmoja wetu akishindwa kuendelea, nani atashuka naye, na nani atabaki na wengine?
5. Saa ya kugeuka ni saa ngapi?
6. Bei uliyotaja inajumuisha nini, na nini tutajilipia?

Swali la nne ndilo linalomfichua mbabaishaji. Kundi la watu sita au zaidi lenye mwongozaji mmoja lina tatizo mgonjwa akipatikana: ama kundi zima lishuke, ama mgonjwa aachwe, ama wenzake waachwe. Kundi kubwa lichukue waongozaji wawili.

Mkishakubaliana, andikeni. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, mradi uwe na tarehe, idadi ya watu, bei, mambo yaliyojumuishwa na utaratibu wa kurudisha pesa iwapo mvua itafunga barabara. Malipo ya awali yatumwe kwa M-Pesa ili ubaki na rekodi, na salio litolewe mkisharudi.

Gharama hupangwaje?

Ziara binafsi ina gharama za aina mbili. Zipo ambazo kila mtu hulipa kivyake, kama ada ya kuingia mbugani na chakula. Zipo pia za kundi zima, kama gari na mwongozaji. Kundi likiwa dogo, mzigo wa aina hii ya pili huwa mzito kwa kila mmoja.

Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme gari mmelipata kwa Sh12,000 kwa siku na mwongozaji kwa Sh3,000. Jumla ni Sh15,000. Mkiwa watatu, kila mmoja atatoa Sh5,000. Mkiwa sita, ni Sh2,500. Baada ya hapo kila mtu ataongeza ada yake ya lango.

Ada za KWS hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen, wala hazipokelewi kwa pesa taslimu langoni. Viwango hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakazi kutoka nchi nyingine na wageni, na kati ya watu wazima na watoto. Gari nalo hulipiwa. Kwa kuwa viwango hubadilishwa mara kwa mara, viangalie kwenye eCitizen siku unayopanga badala ya kutegemea alicholipa rafiki yako mwaka jana. Lipia kabla ya kuondoka mjini, kwa kuwa mawimbi ya simu msituni hayategemeki. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake halisi, kwani bila hicho huna namna ya kuthibitisha kwamba unastahili ada ya raia.

Ratiba ya siku

Kutoka mji wa Chogoria hadi langoni ni karibu kilomita 30, na sehemu kubwa ni barabara ya msituni. Wakati wa kiangazi, gari lililoinuka hupita. Mvua ikinyesha, njia huwa telezi na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ndilo la kutegemea. Bodaboda haifai kwa safari hii: njia ni ndefu, baridi ni kali, na nyati na tembo huvuka barabara bila kupiga honi.

Ratiba inayofaa ni hii:

Saa kumi na moja na nusu alfajiri: kuondoka Chogoria, baada ya kunywa chai na kula kitu kizito.
Saa moja asubuhi: kufika langoni, kujiandikisha na kupewa maelezo na askari wa KWS.
Saa moja na nusu: kuanza kutembea.
Kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu: kufika ziwani, kupumzika na kula.
Saa saba mchana: kuanza kushuka, mliofika na msiofika.
Kati ya saa tisa na saa kumi: kurejea langoni na kuandika kwamba mmetoka.
Kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni: kuwa mmeshatoka msituni, kwa sababu jua huzama karibu wakati huo na giza la mlimani huingia haraka.

Katika ratiba hii yote, saa saba mchana ndiyo muhimu zaidi. Mlimani, asubuhi huwa angavu na mawingu hupanda kadiri siku inavyosonga. Kufikia alasiri ukungu unaweza kufunika kila kitu, mvua au mawe ya barafu yakaanguka, na njia mliyoiona vizuri asubuhi ikapotea. Kundi lililochelewa huona ziwa liko karibu na kusema, "Tumalizie tu." Saa moja ya ziada ya kupanda huzaa saa mbili za kushuka gizani. Kubalianeni kuhusu saa ya kugeuka mkiwa bado chini, watu wakiwa na akili timamu na miguu isiyochoka.

Kuhusu miezi, Januari na Februari ndiyo yenye anga safi zaidi. Septemba pia hufaa. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na fupi za Oktoba hadi Desemba huharibu barabara na kuficha vilele. Julai na Agosti ukungu na baridi hukaa kwenye miteremko yetu ya mashariki, ingawa wakati mwingine ukipita juu ya mawingu unakuta jua.

Hewa nyepesi na baridi

Katika mita 3,500, kila pumzi unayovuta hubeba takriban asilimia 65 tu ya oksijeni ambayo ungeipata Mombasa. Mwili unahitaji muda kuzoea hali hiyo. Ndiyo maana kijana anayecheza kandanda kila jioni anaweza kulemewa pale ambapo mama wa miaka hamsini anatembea taratibu na kufika. Nguvu za misuli hazimkingi mtu na ugonjwa wa kimo.

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula na uchovu usio wa kawaida. Mwenye dalili hizi asiendelee kupanda. Apumzike, anywe maji, na zikizidi ashuke. Tembe za kutuliza maumivu zisitumiwe kuficha dalili ili safari iendelee. Dalili za hatari ni mtu kukosa pumzi hata akiwa ameketi, kukohoa mfululizo, kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa. Huyo anashushwa papo hapo, hata kama wengine wamebakiza dakika kumi kufika ziwani. Kushuka ndiyo tiba, na hata mita mia chache huleta nafuu. Hospitali zilizo karibu ni za Chogoria na Chuka.

Faida ya ziara ya siku moja ni kwamba mnalala chini, ambako mwili hupata hewa ya kutosha. Hatari yake ni kwamba mnapanda haraka, kutoka mjini hadi mita 3,500 katika muda wa asubuhi moja. Kwa hivyo tembeeni polepole, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza bila kuhema. Atakayeweza kulala usiku mmoja karibu na lango kabla ya kupanda atafaidika zaidi.

Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, shinikizo la damu, kisukari, selimundu au upungufu wa damu, na mama mjamzito, waone daktari kabla ya kupanga safari. Kwa mgonjwa wa selimundu hasa, hewa nyepesi inaweza kuamsha maumivu makali na kuhatarisha maisha.

Baridi nayo isidharauliwe. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mtu aliyelowa mvua, akapigwa na upepo, anaweza kupoteza joto la mwili hata mchana. Akianza kutetemeka sana, ulimi ukawa mzito na mikono ikakosa nguvu, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni na mumpe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe isiwepo kabisa, kwani hufanya mwili upoteze joto zaidi. Wala msiogelee ziwani. Maji hayo ni baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi ghafla, hata kama ni mwogeleaji hodari.

Cha kubeba

Vaa nguo kwa tabaka: fulana, sweta na jaketi la mvua juu. Jinzi ikilowa huwa nzito na haikauki, kwa hivyo iache nyumbani. Viatu viwe vimeshazoea mguu na vyenye kushika chini. Beba soksi za kubadilisha, kofia ya sufu, glavu, tochi, dawa zako za kawaida, mafuta ya kukinga jua, na maji yasiyopungua lita mbili. Simu iwe imejaa chaji na izimwe au iwekwe mahali pa joto, kwa sababu baridi humaliza betri.

Chakula kiwe kile mwili unachokijua: chapati, nduma, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi, njugu, na chai ya moto kwenye thamosi. Usipange kupika githeri huko juu. Maji huchemka kabla hayajawa moto vya kutosha na maharagwe hayataiva.

Tusichafue tunakochota

Tangu Juni 5, 2020, chupa za maji na vyombo vingine vya plastiki vinavyotumika mara moja vimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Beba maji kwenye chupa ya kudumu. Taka zote, yakiwemo maganda ya ndizi na karatasi za chooni, zirudi nanyi. Anayehitaji kujisaidia aende mbali na ziwa na kijito, achimbe shimo na kufukia. Usioshe vyombo wala kutumia sabuni ziwani. Maji hayo ndiyo yatakayofika kwenye mifereji na mabomba yetu.

Moto usiwashwe nje ya mahali palipotengwa, na mvutaji sigara asitupe kipande hata kimoja. Nyasi za mlimani zikikauka huwaka kama petroli. Mioto mikubwa ya mwaka 2012 na 2019 iliteketeza maeneo makubwa ya mlima, nayo mimea kama lobelia na senesio hukua polepole mno, hivyo kilichoungua leo hakitarudi katika kizazi chetu. Msing'oe mmea, msilishe wanyama, na droni isirushwe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa angani na cha KWS.

Faida ibaki nyumbani

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni anaweza kuwa mkazi wa Marimanti au Kathwana aliyepanda mlima kwa mara ya kwanza. Akichukua mwongozaji wa Chogoria, akala hotelini Chogoria na kununua ndizi sokoni Chogoria, pesa yake inalisha nyumba kadhaa kabla hajarudi kwake. Kijana anayepata kazi halali ya kuongoza wageni ana sababu ya kuulinda msitu. Mlipeni ipasavyo, tena siku ile ile.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu aliye nyumbani jina na nambari ya mwongozaji, nambari ya gari na saa mnayotarajia kurudi. Mkichelewa bila taarifa, ajue ni nani wa kumpigia. Nambari za dharura ni 999 au 112, na za Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199. Chukueni pia nambari ya askari wa zamu langoni mnapojiandikisha.

Kwa maswali kuhusu utalii wa humu kaunti, tembelea afisi za idara ya utalii mjini Kathwana. Ziwa liko pale pale. Likiwakwepa safari hii kwa sababu ya ukungu, litawangoja hadi safari nyingine.